Mtoto akifika miaka saba ni wa baba?

"Wakili, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike minne. Niliolewa mwaka 2013 kwa ndoa ya Kiislamu, hapa Muheza. Mume wangu anafanya biashara ya machungwa, mimi ni mama wa nyumbani, ila asubuhi nakaanga vitumbua. Mwaka jana alioa mke wa pili, na tangu hapo huduma ikapungua mpaka ikakatika. Mwezi wa tatu akanitumia talaka kwa WhatsApp, nikarudi kwa mama yangu na watoto. Nimemwita baraza la kata mara mbili, hakutokea, mwenyekiti akasema hawezi kunisaidia mpaka mume aje. Sasa mume anasema mtoto wa kiume ameshavuka miaka saba, kwa hiyo ni wa baba, anakuja kumchukua. Na nyumba iko kwa jina lake, eti mimi sikuchangia hata tofali moja. Cheti cha ndoa anacho yeye. Watu wananiambia nikienda mahakamani nitanyang'anywa hata binti kwa sababu sina kipato. Ni kweli? Na mimi sasa ni mtalaka au bado ni mke wa mtu?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiirudia barua yako naona hofu ni moja: kwamba asubuhi moja mtu atasimama mlangoni kwa mama yako, amshike mwanao mkono na kuondoka naye, na wewe huna la kusema. Nitaanza na hilo, kwa sababu mwenye hofu hiyo hasikii kitu kingine.

Hii habari ya miaka saba haikutoka hewani. Imo kwenye Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Ila ilivyo kwenye sheria na inavyosemwa mtaani ni vitu viwili. Sheria inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vizuri akae na mama yake, na kwamba mtu anayepinga anaweza kuleta ushahidi kuonyesha vinginevyo. Basi. Hakuna mahali iliposema kwamba siku anapotimiza saba anahamia kwa baba. Watu wameipindua sentensi: kinga ya mtoto mdogo wameigeuza kuwa tarehe ya kumkabidhi. Kinachotokea baada ya miaka saba ni kwamba mama hana tena ile nafasi ya kutangulia. Mnasimama sawa mbele ya hakimu, wewe na baba yake, na hakimu anauliza swali moja kubwa: mtoto huyu atastawi wapi?

Neno hilo, ustawi wa mtoto, ndilo sheria imeliweka mbele ya yote. Baada yake ndipo hakimu hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii anamotoka. Mila zimetajwa, ndiyo, lakini zimewekwa nyuma. Nalisema hili kwa sababu kesho utamsikia mjomba fulani akisema mahari ililipwa, kwa hiyo watoto ni wa ukoo wa baba. Mawazo hayo yamo katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, na wazee wengi bado wanayataja kana kwamba ndiyo neno la mwisho. Siyo. Mila ikigongana na ustawi wa mtoto, ustawi unashinda.

Na akikuletea hoja ya dini, mjibu kwa heshima. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani yetu, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo huulizwa anataka kukaa na nani kati ya wazazi wake. Anaulizwa, hachukuliwi.

Sasa hakimu anaujuaje huo ustawi? Hapa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamsaidia. Anatazama umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari bila kusukumwa, faida ya ndugu kukaa pamoja, na kutomkatia mtoto malezi aliyokwisha kuyazoea. Mara nyingi atamwagiza afisa ustawi wa jamii aende kuona mtoto anaishi vipi, kisha aandike taarifa. Afisa huyo haji kuhesabu makochi. Anataka kujua mtoto analala wapi, anakwenda shule ipi, nani humwamsha asubuhi, akiumwa nani humpeleka zahanati. Mambo haya madogo ndiyo hushinda kesi za malezi, kuliko hotuba za mawakili, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Kwa hiyo usimhamishe mtoto shule katika kipindi hiki kama unaweza kuepuka. Usimpeleke leo kwa shangazi, kesho kwa dada. Tena nakuomba sana, usimfundishe maneno ya kumwambia hakimu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuitwa na hakimu faraghani, na mahakimu wanaijua sauti ya mtoto aliyekaririshwa. Vilevile usimwulize "unampenda nani zaidi". Hilo ni swali la kumchana mtoto katikati.

Huna kipato: hili nalo limezungumzwa vibaya mtaani. Katika Sheria ya Ndoa, jukumu la kuwatunza watoto ni la baba kwanza, hata kama watoto wanaishi na mama, kwa kadiri ya uwezo wake. Chakula, mavazi, mahali pa kulala, elimu. Sheria ya Mtoto nayo inawabebesha wazazi wote wawili wajibu. Ndiyo maana mahakama hutoa amri mbili pamoja: watoto wakae na mama, na baba alete matunzo. Kama umaskini wa mama ungekuwa sababu ya kumnyang'anya watoto, wanawake wengi wa nchi hii wangebaki bila watoto. Hata vitumbua vyako ni kipato, usivifiche. Hakimu akikuuliza, mwambie unauza vingapi na unabaki na kiasi gani.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba mama hashindwi kamwe. Nimewaona mama waliokosa watoto, na sababu ilikuwa ni mtoto kuachwa kwa bibi mgonjwa kwa miezi huku mama yuko mji mwingine, au utoro wa shule, au ulevi, au ukaidi wa kumzuia baba asimwone mtoto hata siku ya Iddi. Hilo la mwisho linawaponza wengi. Mtu anasema, "Haleti hela, hamwoni mtoto." Mahakama inayaona hayo kuwa mambo mawili mbali mbali. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake pia ni haki ya mtoto. Hata ukishinda kila kitu, tegemea baba atapewa siku za kumtembelea au za kuwa naye likizo. Ukionyesha mapema kwamba huna tatizo na hilo, umejisaidia.

Tuje kwenye talaka ya WhatsApp. Mbele ya sheria ya Tanzania Bara, dada, wewe bado ni mke wa mtu. Ndoa, hata ya Kiislamu, inavunjwa na amri ya mahakama. Kwa ndoa zenu sheria imeweka mpangilio wake: kwanza shauri liende Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kama hilo la kata ulikokwenda, baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wenu afanye lile tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, ndipo mahakama itoe amri ya talaka. Mumeo ameanzia mwisho. Kidini talaka yake imepita au haijapita, hilo mwulize shehe unayemwamini, mimi si mahali pangu. Ila kiserikali karatasi au ujumbe wa simu hauvunji ndoa, na faida yake kwako ni kubwa: mpaka leo una haki zote za mke, pamoja na kutunzwa, na nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa yako.

Mwenyekiti wa baraza amekosea, na kosa hili nakutana nalo kila mara. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinadai muanzie barazani, kweli, lakini kimetoa misamaha, na mmoja wake ni huu hasa: mwenzako aliitwa na kwa makusudi hakufika. Mume hawezi kumfunga mkewe kwenye ndoa kwa kukataa tu kwenda barazani. Rudi pale ukaombe baraza liandike kwamba lilimwita tarehe hizo mbili na hakutokea, na likupe ile hati ya kwamba upatanisho umeshindikana, ambayo wengi huiita Fomu Namba 3. Nakala za wito zikae kwako. Ikiwa mwenyekiti bado anasitasita, si lazima uishie kwake. Jumuiya za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa, ikiwemo BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Angalia jambo moja hapa: hati hiyo ikishatolewa, shauri la talaka linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi sita. Watu huichukua, wakaiweka kabatini wakisubiri mume abadilike, kisha wanaanza upya. Na barazani hupeleki wakili, kwa hiyo usitumie pesa yako huko.

Kuhusu cheti, usihangaike naye. Ndoa iliyosajiliwa ina kumbukumbu, unaweza kuomba nakala kupitia msajili wa ndoa wa wilaya au RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Shehe aliyewafungisha na mashahidi wenu pia wanaweza kuithibitisha.

Mahakamani utatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Hapa nikusahihishe kidogo kabla hujaandika madai yako. Kuoa mke wa pili peke yake hakutakusaidia, kwa sababu sheria yetu inaitambua ndoa ya wake wengi na yenu ilifungwa kwa msingi huo. Kinachokusaidia ni kutelekezwa. Eleza lini aliacha kuleta matumizi, ada ya shule ililipwa na nani, ulikopa kwa nani. Na ule ujumbe wa talaka usiufute. Kidogo unachekesha, kwa sababu haukuvunja ndoa, lakini ni ushahidi mzuri kwamba mwenyewe ameikata.

Haya, tofali. Sentensi hii ya "hukuchangia hata tofali" imesemwa na waume wengi sana mbele ya mahakimu, na jibu lake lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani kama wewe, na mume alikuwa na maneno kama ya mume wako. Mahakama ikasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba ili mwenzio aweze kwenda kutafuta, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wamegawanyika, wengine wakiona hayo ni wajibu wa mke tu. Mawakili hulitaja shauri hili kila siku, ila wachache husimulia mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu ilionekana mume aliwahi kumpa fedha za mradi wa familia, naye akazitapanya. Kanuni aliyotuachia ni kubwa kuliko alichokipata.

Kwako inamaanisha hivi. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, na juhudi hizo zinaweza kuwa fedha, mali au kazi. Jina lililo kwenye hati halimalizi mjadala. Kama kiwanja alikuwa nacho kabla hajakuoa lakini nyumba mkaijenga mkiwa pamoja, yale maendeleo nayo huhesabiwa. Je, utapata nusu? Sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa baada ya kupima michango, madeni na mahitaji ya watoto, lakini kwa uzoefu wangu anayeleta kazi za nyumbani peke yake mara nyingi hupewa chini ya nusu. Ndiyo maana nakuuliza: hivyo vitumbua vilinunua nini? Nani alipika kwa mafundi? Nani alisimamia mchanga na maji wakati mume yuko safari za machungwa? Fundi huyo yuko wapi leo, anaweza kuja kusema? Jirani aliyekuona ukibeba ndoo? Hivyo vyote ni ushahidi. Mke akisimama na kusema tu "tulichuma pamoja" anamwachia hakimu kazi ya kubahatisha.

Usichanganye mgao huu na kiliwazo, ambacho wengine huita kitoka nyumba. Hicho ni zawadi ya kuachana kwa taratibu za dini. Mume akikupa godoro na kitanda akasema mmemalizana, hamjamalizana.

Matunzo yako binafsi baada ya talaka, nikwambie wazi, hayatakuwa marefu. Kwa waliooana Kiislamu sheria haiyapeleki mbele ya muda wa eda, isipokuwa mahakama ikiona kuna sababu maalumu. Ya watoto hayafuati eda, yanaendelea mpaka watimize miaka 18, na mahakama inaweza kuyarekebisha hali ya mzazi au bei za vitu zikibadilika. Kiasi hakina jedwali. Hakimu hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mfanyabiashara hana karatasi ya mshahara, na mumeo atasema msimu ulikuwa mbaya. Kwa hiyo andaa vielelezo: anakodi magari mangapi kwa msimu, ana shamba au ananunua kwa wakulima, miamala ya simu aliyokuwa akikutumia zamani. Aliyekuwa akitoa kiasi fulani kila mwezi kwa miaka kumi hawezi kirahisi kudai kwamba hajawahi kuwa nacho.

Una njia zaidi ya moja. Ukitaka talaka, mgawanyo wa mali na amri ya watoto vyote pamoja, fungua shauri Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya, zote zina uwezo. Mimi ningeanza na ya Mwanzo: ni karibu, gharama ni ndogo, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ila kama bado moyo haujakata, kuna njia nyingine ambayo wanawake wengi hawaambiwi. Si lazima uombe talaka ili upate matunzo ya watoto. Unaweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, amwite mumeo mwelewane kiasi, na ikishindikana maombi ya matunzo na malezi yanapelekwa Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto. Ndoa mnaiacha ilivyo. Udhaifu wake ni kwamba nyumba haitaguswa na wewe utabaki katikati, mke wa jina tu. Na mkielewana kwa ustawi wa jamii, makubaliano ya mdomo hayana meno. Omba yaandikwe, na ikiwezekana mahakama iyapitishe kuwa amri.

Kati ya hizo mbili, kwa hali uliyoieleza, ningeanza na matunzo wiki hii, na talaka ningeifuata taratibu hati ya baraza ikishapatikana. Watoto wanakula leo. Nyumba haitahama.

Isipokuwa ukisikia inauzwa. Hapo usingoje. Mke anaweza kuweka zuio kwenye nyumba ya ndoa, na hilo ni la kufanya na mwanasheria ana kwa ana, haraka. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka wilayani, ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao hutoa msaada.

Jambo jingine lisilongoja ni mumeo kuja kumchukua mtoto kwa nguvu, au kukupiga, au kutishia. Usipigane naye mlangoni mbele ya watoto. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Kisha omba mahakama itoe amri ya muda ya mtoto kubaki alipo wakati shauri linasikilizwa. Upande wako pia, usiwachukue watoto ukakimbilia nao Dar es Salaam kusikojulikana. Leo hakuna amri inayosema wako na nani, na atakayewahi kuwaficha ndiye atakayekuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Msomaji aliye Zanzibar afahamu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko, mambo ya Waislamu yapo kwa Kadhi. Na wa Mombasa ana sheria zake za Kenya.

Kwa hiyo Jumatatu beba nakala za wito wa baraza, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki ya binti, ripoti ya shule ya kijana, na simu yenye ule ujumbe. Anzia ustawi wa jamii, upitie kata wakati wa kurudi. Mwenyekiti akikataa tena kuandika, mwombe aandike kwamba amekataa, na aweke mhuri.